Dikte ya Mwalimu Clotilde

Watu wa Ndosho, hapa Goma, wakisimulia habari za Mwalimu Clotilde huanza na volkano. Waongo! Habari ilianza na kalenda, na kalenda ilikuwa yangu mimi. Nasema mapema ili asitokee mutu wa kunisemea. Naitwa Mama Asma. Jina langu la kuzaliwa ni Aziza, lakini tangu nimzae Asma hakuna anayelitumia isipokuwa mama yangu, naye yuko Kindu. Nauza sabuni, chumvi na sukari. Kusoma sijui. Nilifika darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu, na herufi zote zikanipotea.

Mwalimu Clotilde alimfundisha Asma wangu darasa la sita, kwenye shule moja ya msingi ya mtaa wa Mapendo, mwaka ule wa moto wa volkano. Alikuwa mwanamke mufupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hayo si matusi, maana alizaliwa katikati ya ng'ombe, huko milima ya Masisi. Vita vya mwaka tisini na tatu vilimshusha Goma pamoja na shangazi yake. Shangazi alifariki, yeye akabaki kwenye chumba kimoja cha mbao. Alivaa viatu vya kiume miaka yote kwa sababu, alisema, mawe ya Goma hayajui mwanamke ni nani. Ukimuuliza juu ya nini hakuolewa, kwa nini yuko peke yake, alikujibu kwamba ana watoto thelathini na sita na hakuna hata mmoja anayejua kugawanya vizuri. Watu walicheka. Mimi sikumpenda.

Muji ulikuwa mikononi mwa waasi tangu mwaka tisini na nane. Wao hawakujiita waasi, walijiita serikali, na sisi sokoni tulisema "wakubwa" tukamaliza. Vitabu vya shule havikuwepo. Mwalimu alisoma, watoto wakaandika kwenye kaye, yaani daftari, na hiyo ndiyo dikte. Halafu walikwenda nyumbani kukariri kila kitu, kesho yake wanasimama mbele ya wenzao kukisema. Asma alikariri mpaka alama, mkato na nukta. Alizunguka uani na ndoo ya maji huku anasema: "Nchi yetu ina mito mingi, virgule, milima mingi, virgule, dhahabu na almasi, point." Nami nilikuwa nimekaa nasikiliza, najivuna, sielewi kitu, maana yote ilikuwa Kifaransa; Kiswahili chake alinigeuzia baadaye.

Sasa, kitabu. Mwalimu Clotilde alikikuta mtaa wa Birere kwa mama muuza karanga. Yule mama alikuwa anachana kurasa, anazikunja, anatia karanga ndani. Kurasa kumi na moja za kwanza zilikuwa zimeshaliwa. Mwalimu alipokea karanga zake, akasoma ile karatasi, akabaki palepale njiani anatafuna na kusoma, watu wanampiga vikumbo. Halafu alirudi mbio kwa yule mama, akakamata kitabu chote kilichobaki, akasema hakitoki tena mkononi mwake. Kwa hiyo kilikuwa kitabu kisicho na mwanzo wala jina la mwandishi. Ukimuuliza nani amekiandika, alisema waulize waliokula karanga.

Kilikuwa kitabu cha watoto, cha Kifaransa, lakini si cha sungura na fisi. Kilisimulia muji ambao wakubwa wake wanaitwa Watulizaji. Katika muji ule kila mutoto akifika miaka kumi hupelekwa kwenye ghala, anatoa maswali yake yote, yanaandikwa, yanafungiwa, yeye anapewa risiti. Kuanzia siku ile akiuliza kitu ni kosa. Muji mzima umetulia. Hakuna anayepiga kelele, wala hakuna anayejua baba wa jirani amekwenda wapi. Halafu iko binti mmoja anafika kwenye dirisha la ghala, anatoa maswali yote isipokuwa moja. Hilo moja anakataa kulitoa, na kitabu chote ni habari za kumwinda.

Mwalimu alianza kukisoma kwenye dikte mwezi wa tisa, ukurasa kwa ukurasa, ili kila mutoto awe na kitabu chake kilichoandikwa kwa mukono wake. Na kila baada ya dikte alitoa kazi moja: kesho uje na swali ambalo jibu lake halimo kwenye kaye. Ukija na swali lenye jibu, unarudishwa kutafuta lingine.

Subhanallah, nyumba yangu ikaharibika! Siku ya kwanza tumekaa kula, Asma ananiuliza: "Mama, juu ya nini Papa ndiye anachagua nyama wa kwanza?" Baba yake, Useni, dereva wa lori, alicheka akampa kipande chake. Mimi sikucheka. Nilijua maswali hayaishii kwenye nyama. Na kweli, haikupita wiki, alikuja sokoni kunisaidia, akasimama mbele ya meza, na askari wa wakubwa amesimama palepale anachagua sabuni, naye kwa sauti safi ya darasani anasema: "Mama, hawa wakubwa, nani aliwachagua?"

Nilimpiga kofi. Nilimchekea askari kwa meno yote niliyo nayo, nikamwambia watoto wa siku hizi, bwana, shule inawachanganya. Siku ileile niliifunga meza, nikapanda hadi Mapendo.

"Madame," nikamwambia, "nimekuletea mutoto umfundishe hesabu na Kifaransa. Sikumleta umfundishe kutuua."

Alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka haraka. "Aliuliza nini?"

Nikamwambia.

"Na wewe ulijibu nini, Mama Asma?"

"Nilimpiga."

"Basi amepata jibu," akasema. "Tena la kweli kabisa. Kesho atatafuta lingine."

Nilitoka pale nimewaka moto. Njia yote hadi nyumbani nilimwita mwendawazimu, na watu niliokutana nao nikawaomba waseme hivyo pamoja nami.

Mwezi wa kumi na mbili wakubwa walipita sokoni na kalenda za mwaka mpya. Jamani, ilikuwa karatasi! Ngumu, inang'aa, maji hayapiti, na uso wa mukubwa wao mmoja umeijaza kutoka juu hadi chini. Kila meza ilitupiwa kalenda tano, na kuitundika ilikuwa lazima. Moja nikaitundika. Nne zikabaki. Sasa mimi ni mama wa Goma: mvua ikinyesha inapita kwenye bati, na lile vumbi jeusi la mawe linakula kaye za watoto mpaka haziwezi kufunguka. Shule ilipofunguliwa Januari nilichukua mukasi, nikaifunika kaye mpya ya Asma kwa kalenda. Uso ule ulikaa sawasawa mbele. Chini ya kidevu palikuwa na nafasi nyeupe, na Asma, kama walivyozoeshwa, akaandika hapo kichwa cha dikte ya kwanza, na jina lake pembeni. Sura ya tatu, Mukubwa wa Watulizaji.

Mimi ningejuaje? Niliitazama nikasema mutoto wangu ana kaye nzuri kuliko wote.

Jumatatu iliyofuata Bwana Florent aliingia darasani. Alikuwa mkaguzi wa biro, yaani ofisi, ya elimu ya wakubwa, kijana wa tai, amesoma, anaongea polepole, na wapole wa namna ile ndio wa kuogopwa. Alipita kati ya mabenchi mikono nyuma. Akasimama kwa Asma. Akaitazama kaye, akasoma yale maneno chini ya kidevu, akaichukua.

"Nani amefunika kaye hii?"

Asma alinieleza haya yote jioni. Alisema alitaka kujibu, ulimi ukakataa. Mwalimu alishuka kutoka ubaoni, akaichukua kaye mkononi mwa Bwana Florent kana kwamba hajaiona vizuri, na kabla yule hajafahamu, akachana pembe yenye jina la mutoto, akaifinya kiganjani.

"Mimi," akasema. "Darasa hili kaye zote nazifunika mimi."

Bwana Florent aliondoka na kaye. Kesho yake barua ilikuja. Wafanyakazi wa serikali wanaijua na kuiogopa, inaitwa demande d'explication: unaulizwa kosa lako, unapewa saa arobaini na nane ujieleze kwa maandishi. Mwalimu alitakiwa aeleze kwa nini amewafundisha watoto kumdhihaki mukubwa, na akabidhi kile kitabu.

Sasa nisikilizeni. Mimi nilijua. Kalenda yangu, mukasi wangu. Ilikuwa kazi ya kusimama dakika tano mbele ya mutu na kusema. Jumanne nikakaa nyuma ya sabuni zangu, nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Nilijiambia yeye hana mutoto, mimi ninaye. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nimeona aibu kwa hilo mpaka leo.

Yeye hakunyamaza. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Naomba kujua ni ukurasa gani uliowauma." Alimpa direkteri, mkuu wa shule, alipeleke. Direkteri wetu, muzee Mulumeoderhwa, alikuwa mutu mwema na muoga kupita wote niliowahi kuwajua. Alilitia jibu mfukoni akasema atalipeleka Alhamisi. Alhamisi asubuhi volkano ikapasuka.

Mengi yamesemwa juu ya siku ile, siongezi. Moto ulishuka kutoka Munigi, juu ya muji, ukapita katikati ukielekea ziwani, na sisi tukakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, kila mutu na alichoshika. Mimi nilimshika Asma na sanduku la sabuni, Useni yuko safarini na lori. Shule iliungua na kaye za watoto zilizokuwa ndani. Biro ya elimu iliungua na makaratasi yake yote, kaye ya Asma ikiwa ndani. Nyumba ya Mwalimu Clotilde iliungua, na kitabu kilikuwa chini ya kitanda.

Nilimwona siku ya pili, kule Gisenyi, kwenye ile barabara iliyojaa watu wamekaa juu ya magodoro. Alikuwa ametoka bila kitu isipokuwa rejista ya darasa. Alitembea kando ya barabara ameifungua, anaita majina kwa ile sauti yake ya milimani, mutoto baada ya mutoto, tangu asubuhi. Alipofika kwa "Asma binti Useni," mutoto wangu aliruka juu kutoka kwenye sanduku, akapiga kelele: "Présente, Madame!" Mwalimu akatia alama kwa kalamu, akashusha pumzi.

"Ni wa ishirini na tisa," akaniambia. "Wamebaki saba."

Nilitaka kumwambia aksanti. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilimpa kipande cha sabuni. Akakipokea, akaendelea kuita.

Tuliporudi Goma mawe yalikuwa bado yana moto chini, viatu vikiyeyuka. Kila mutu alitafuta pa kushikilia. Shule yetu ilipewa kiwanja Ndosho, juu ya mawe ya zamani, na wafadhili wakatundika shitingi, lile turubai la plastiki, kwenye miti minne. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa unga wa betri. Watoto walikaa juu ya mawe, kaye mpya mapajani. Kati ya thelathini na sita walirudi thelathini na tatu.

Direkteri alimfuata Mwalimu Clotilde akasugua mikono. "Clotilde, volkano imekusamehe. Biro imeungua, faili lako, ile dosie, limeungua, kitabu kimeungua. Mungu akupe nini tena? Nyamaza."

"Volkano haijui kusoma, Direkteri," akamjibu. "Haiwezi kunisamehe kitu. Imenichomea kitabu changu, na nina hasira nayo."

Wiki ileile akakirudisha, mpaka pale dikte zilipokuwa zimefika. Vipi? Wallahi, kwa vichwa vya watoto! Aliwaambia: "Mulikikariri. Sasa mukitoe." Akamsimamisha mmoja aseme, wengine wote wakaandika. Nilikuwa napita na mzigo wangu nikasikia sauti ya Asma chini ya shitingi: "Binti alifika mbele ya dirisha, virgule, akafungua kinywa, virgule, akakifunga tena, point." Akaisema sura ya kwanza yote iliyosalimika kwenye karanga, hakukwama. Palipopotea sentensi waligombana, huyu anasema mlango ulikuwa mwekundu, yule anasema hapana ulikuwa wa chuma, mpaka wakakubaliana. Mwalimu hakuwaandikia hata neno moja. Alisimama mikono kiunoni akiwasikiliza, analia machozi wazi mbele yao, na ole wake mutoto aliyeacha kuandika kwa kumtazama.

Mimi nilishikwa na hofu ile ya zamani. Nilingoja watoto watoke.

"Madame, moto ulitutoa kwenye shida. Juu ya nini unaturudisha?"

"Mama Asma, unaniogopea mimi ama unajiogopea wewe?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Najiogopea," nikasema.

"Vizuri. Angalau umesema." Akapangusa mikono yake yenye chaki. Habari ya kalenda hakuitaja, wala siku ile wala siku nyingine yoyote. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mwezi wa tatu Bwana Florent alirudi. Biro yake sasa ilikuwa chumba cha kuazima Katindo, karibu na kambi ya askari, na kazi yake ilikuwa kuzijenga upya zile dosie zilizoungua. Alikumbuka vizuri. Aliwaita wazazi wote wa darasa la sita, tukakaa juu ya mawe ya watoto wetu, nao wakasimama nyuma. Alikuwa na barua imeshaandikwa, imebaki saini tu. Ndani yake Mwalimu Clotilde anakiri mambo mawili: kwamba alimdhihaki mukubwa kwa ile kalenda, na kwamba kile kitabu ni sumu kwa watoto na hatakisoma tena. Akisaini, anabaki. Akikataa, anaondolewa kazini, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine wa kuletwa, darasa la sita linafungwa. Maana yake mtihani wa Juni, ule wa kumaliza shule ya msingi, hakuna. Watoto thelathini na tatu wamepoteza mwaka, na kwa hali ile ya Goma, anayepoteza mwaka haurudishi.

Mngewasikia wazazi! "Saini, Madame, ni karatasi tu." "Utuhurumie." Baba mmoja alipiga magoti juu ya mawe.

"Mambo ya kalenda nasaini sasa hivi, lete kalamu," Mwalimu akasema. "Mambo ya kitabu, hapana. Nikiandika kwamba swali ni sumu, kesho nasimama mbele ya hawa kufanya nini? Kuwachunga?"

"Yote mawili," Bwana Florent akasema kwa upole wake, "ama hakuna."

Basi watu wakageuza hasira kwake yeye, yule mama aliyewatafuta watoto wao barabarani kwa majina. Mmoja akasema hana mutoto, ndiyo maana. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yanatoka kwenye mdomo wa mutu mwingine. Nikasimama.

"Mama, kaa chini," Bwana Florent akasema.

"Sikai. Hapa yote ni mawe, nimechoka kukaa. Kalenda ile ni yangu. Mukasi wangu. Kaye ya mutoto wangu. Huyu aliwadanganya kwa sababu mutoto alikuwa anatetemeka na mama yake hakuwepo. Na mama alipojua, alijificha. Mama huyo ni mimi. Haya, hiyo demande d'explication nipe mimi."

Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi kandambili. "Demande d'explication hujibiwa kwa maandishi, mama. Unajua kuandika?"

Alijua sijui. Wazazi wakainamisha vichwa.

"Sijui," nikasema. "Lakini nimezaa anayejua. Asma! Leta kaye. Dikte."

Mutoto akaja mbele, akapiga goti, kaye juu ya jiwe. Nilisema Kiswahili changu cha sokoni, yeye akaandika Kifaransa.

"Mimi, Aziza, mama ya Asma, virgule, muuza sabuni, virgule, ndiye niliyefunika kaye, point. Karatasi yenu ilikuwa nzuri, virgule, mvua haipiti, point. Kama uso wa mukubwa haufai kukaa juu ya kaye ya mutoto, virgule, juu ya nini mliutupa juu ya sabuni zangu, point." 

"Mama, hapo ni point d'interrogation," Asma akanong'ona. "Ni swali."

"Basi tia hiyo! Tia kubwa!"

Mutu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Mimi nikaendelea. "Mambo ya kitabu, virgule, mutoto wangu alikuja nyumbani na swali, virgule, nikampiga, point. Sikumpiga kwa sababu swali lilikuwa baya, point. Nilimpiga kwa sababu sikuwa na jibu, virgule, na nyinyi pia hamna, point. Sumu haiko kwenye kitabu, virgule, iko kwenye lile kofi, point."

"Polepole, Mama."

"Andika, wewe. Nimemaliza. Point."

Tulipaka kidole changu wino wa kalamu, nikagonga chini ya karatasi. Bwana Florent hakutaka kuipokea. Lakini yeye ni mutu wa dosie, na mbele ya wazazi wote wale angeikataaje karatasi iliyojibiwa kwa utaratibu? Aliikunja mara mbili. Akasema uamuzi wa biro utakuja kwa maandishi, akaondoka bila saini ya Mwalimu.

Mimi nililipia maneno yangu. Kesho yake asubuhi nilikuta nafasi yangu sokoni amepewa mutu mwingine, na askari amesimama hapo kunieleza kwamba sikuwahi kuwa na nafasi. Nilibeba sanduku langu hadi Ndosho, nikatandika sabuni chini, kando ya shitingi ya shule. Mwalimu Clotilde aliniona akaniletea jiwe la kukalia, bapa, la kuchagua.

Jumatano barua ya biro ilifika mikononi mwa direkteri. Muzee alimpa Mwalimu bila kumtazama usoni, akaenda kusimama mbali. Ilisema ameondolewa kazini kuanzia siku ile na haruhusiwi kusimama mbele ya wanafunzi.

Hakuondoka. Mwisho wake msiuulize kwa watu wa volkano, niulizeni mimi. Alifundisha mpaka Juni bila jina lake kwenye karatasi yoyote. Na direkteri, yule muoga, aliandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya mtihani kama mwalimu wa darasa la sita, akaipeleka kwa miguu yake. Watoto thelathini na tatu walifanya mtihani. Lakini asubuhi ile ya barua hatukujua hayo. Tuliona mwanamke mufupi amesimama na karatasi, na watoto walioanza kulia kwa sababu walishaelewa.

Aliisoma kimya mpaka mwisho. Akaigeuza kuona kama nyuma pana kitu. Halafu akagonga ubao.

"Toeni kaye," akasema. "Dikte."

Akawasomea barua yake ya kufukuzwa. Neno kwa neno, kwa ile sauti, mpaka wauza makaa wa barabarani wakasimama kusikiliza. "Mwalimu Clotilde, virgule, anaondolewa kazini, virgule, kuanzia leo, point." Watoto waliandika huku wanafuta pua kwa mikono ya mashati. Aliwasomea mara ya pili ili wasahihishe, kama dikte nyingine zote. Mimi nilikuwa kwenye jiwe langu, nimeshika kipande cha sabuni, siwezi hata kumhudumia mteja.

"Sasa maswali," akasema. "La kwanza. Barua hii inamwondoa nani?"

"Wewe, Madame."

"La pili. Nani amesimama mbele yenu?"

"Wewe, Madame!"

"La tatu. Wakubwa wana bunduki, wana biro, wana muji mzima. Mimi nina chaki. Aliyeandika barua hii alikuwa anaogopa nini?"

Asma akasimama, macho yamevimba.

"Anamwogopa mama yangu, Madame, na swali lake."

Vichwa thelathini na tatu vikageuka kunitazama. Mimi Aziza, niliyejificha siku zote zile huku mwingine amebeba kosa langu! Niliweka sabuni chini. Nikasimama wima, nikakaza kitambaa changu, nikawaacha wanitazame.